Fundi Asiyejua Kungoja

Mume wangu hana mkao. Simsengenyi, nimeshamwambia usoni mara nyingi na mwenyewe hukubali, ila hukubali akiwa amesimama. Akila, goti lake linacheza chini ya meza mpaka vikombe vinalia. Chai hainywi ikaisha, atainuka katikati ya kikombe kwenda kutazama bomba ambalo halivuji, na ukimwuliza anatafuta nini atakwambia, "Nimesikia kitu." Nyumbani kwetu kila kitu kimeshasikika: milango, madirisha, kitanda, hata cherehani yangu. Hiyo aliifungua yote likizo moja, akairudishia, na tangu siku ile inashona vizuri sana, ila kwa kurudi nyuma.

Mama yangu alipomwona mara ya kwanza aliniita jikoni akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu mtu ni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Utamweza?" Nikasema nitamweza. Nilikuwa msichana, nilidhani wanaume hutulia wakishaoa.

Liko jambo moja tu ambalo sijalimaliza moyoni. Siku niliyojifungua binti yetu, wauguzi walimwambia akae kwenye benchi la nje, angoje. Akakaa kidogo. Akasikia bawaba ya mlango wa wodi inalia, akatoa bisibisi mfukoni, akaikaza. Akasikia tena kitu mwisho wa korido. Muuguzi alipotoka na mtoto kwenye shuka na kuuliza, "Baba mtoto yuko wapi?", hakuna aliyeitika. Walimkuta amelala chali chini ya sinki, inaonekana miguu tu. "Namalizia," akasema. Binti yangu akapokelewa na mama mmoja aliyekuja kumtazama mgonjwa mwingine kabisa, mtu tusiyemjua hata jina. Nimemsamehe mume wangu kwa hilo, na kila tukigombana namsamehe tena kwa sauti.

Basi huyo ndiye Fundi. Watu wote wanamwita hivyo, hata mimi.

Tulifanya kazi jumba moja, la makumbusho. Mimi niko kwenye kaunta ya mizigo, pale mlangoni: unanipa begi, nakupa kibao cha namba, ukitoka unanirudishia kibao, nakupa begi. Vyumba vingine vya jumba letu vimejaa kabati za vioo na maandishi ya "Usiguse". Kimoja tu, kinachotazamana na kaunta yangu, ni Chumba cha Watoto, ambako kila kitu kimewekwa ili kiguswe. Na kitu cha kuguswa ni kitu cha kuharibika, ndiyo maana chumba kile pekee kilikuwa na fundi wake. Kwa mtu kama mume wangu ilikuwa kama kumwajiri paka duka la samaki. Kuanzia asubuhi mpaka tunafunga kulikuwa na kitu kimelegea, kimepinda au kimeng'oka, naye anazunguka na koti lake la buluu, mifuko imejaa vyuma, furaha tupu.

Ila alikuwa na dhana yake moja, na dhana hiyo ndiyo iliyotaka kutuponza. Aliamini kila chombo mle ndani kina somo lake, na mtoto anayekichezea vingine anakionea. Mizani ilikuwa ya kulinganisha mawe makubwa mepesi na madogo mazito. Watoto waliwapima wenzao mabegi ya shule, ambayo siwanyang'anyi kaunta, kuona mwalimu wa nani ana roho mbaya zaidi. Meza ya mwanga ilikuwa ya kutazamia majani makavu na mbawa za vipepeo. Watoto walipanda juu yake wakalala, taa inawawakia mgongoni, wanasema wamekufa na sasa wanang'aa. Bomba refu la kusafirisha sauti, unasemea huku mwenzako anasikilizia kule, walilifanya la kuambiana matusi ambayo wakiambiana uso kwa uso wangepigana. Fundi akiona hayo anashika kiuno. "Hawasomi maandishi?" ananiuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa.

"Wanasoma," namjibu. "Ndiyo maana wanafanya vingine."

Chombo alichokipenda kuliko vyote alikijenga mwenyewe, kikachukua ukuta mzima. Alikiita Mteremko. Unazungusha mpini, mnyororo wenye vikopo unapandisha matufe ya mbao, kila moja kama chungwa, mpaka karibu na dari. Kule juu yanamwagika, yanashuka yenyewe kwenye mifereji ya mbao, kulia, kushoto, kulia, unayaona. Mwishoni kuna nguzo ya jengo iliyomzuia, kwa hiyo akalazimika kuupitisha mfereji nyuma ya ubao, ukakata kona usiyoiona, ukatokea kwenye tundu la chini, usawa wa goti. Maandishi yake yalisema: "Zungusha. Tazama. Kila kilichopanda hushuka kwa uzito wake." Alipoyabandika alirudi nyuma akayasoma kwa sauti, nikaona macho yake yamelowa. Sikumcheka, na mimi si mwepesi wa kuacha kucheka.

Sasa kona ile ilikuwa na kasoro. Vipande viwili vya mfereji havikukutana sawasawa, pakawa na kijiukingo. Tufe likifika pale, mara lilipita, mara lilisita, mara liligoma kabisa mpaka ukuta upigwe. Fundi hakujua. Yeye akizungusha mpini anazungusha kwa haraka, matufe yanasukumana, yote yanatoka. Waliojua ni watoto wa mtaa wa nyuma, na mimi niliyekuwa nawatazama.

Watoto hao kiingilio chao kilikuwa bure, kwa hiyo kila wakitoka shule walipitia kwetu kabla ya kwenda kwao. Kiongozi wao alikuwa msichana asiye na meno ya mbele, mwembamba, amri tupu. Wenzake walimwita Daktari Mapengo. Huyu ndiye aliyegundua kwamba Mteremko haukuwa mteremko hata kidogo. Ulikuwa mama mjamzito.

Nilivyoona mara ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Mmoja anazungusha mpini polepole, tufe moja tu linapanda, linashuka, linaingia nyuma ya ubao, kimya. Mapengo amechuchumaa kwenye tundu, sweta la shule limetandazwa mikononi. Wengine wamebandika masikio ukutani. "Yuko wapi?" "Kakaa vibaya." "Mpapase huku." Wanaupapasa ubao, taratibu, kisha wanaugonga kidogo, kisha wote kwa pamoja, "Sukuma, mama! Sukuma!" Ukuta hausemi kitu. Mmoja anakimbilia bomba la sauti kumpigia baba mtoto simu, kwamba aje na nguo. Mwingine anapepea. Halafu, wakati hata mimi kule kaunta nimeacha begi la mtu hewani, tufe linaanguka kwenye sweta. Chumba kinalipuka. "Wa kike!" anatangaza Mapengo, maana lenye kifundo cha mti ndilo la kiume na lisilo nacho ni la kike. Linapimwa kwenye mizani. Linalazwa kwenye meza ya mwanga, ndiyo wodi. Halafu Mapengo anasimama mlangoni, anatazama huku na huku, anauliza kwa sauti ya kuchoka, kama muuguzi wa kweli, "Baba mtoto yuko wapi?"

Nilivyolisikia hilo niliinama chini ya kaunta kana kwamba nimeangusha kitu.

Lakini Fundi akiingia, mchezo unakufa. Matufe yanarudi mahali pake, anayezungusha mpini anazungusha kwa adabu, wengine wanayafuata matufe kwa macho kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Fundi anafurahi. "Umeona leo?" ananiambia tukirudi nyumbani. "Wamelipata somo." Nikimweleza wanavyocheza akiwa hayupo, anapunga mkono. "Utundu huo. Utaisha."

Habari mbaya ililetwa na Mkurugenzi mwenyewe. Si mtu mbaya, yule mama. Alikuja mpaka karakana, akakaa kwenye stuli iliyojaa vumbi na sketi yake nzuri, akasema bila kuzunguka. Bodi ilitaka chumba cha watoto kiwekwe skrini za kugusa ukuta mzima, ukuta wa Mteremko. Skrini zikiharibika hushughulikiwa na waliouza, hazihitaji fundi wa jumba. Mkataba wa Fundi ulikuwa unakaribia kwisha. Wageni wa bodi wangekuja wiki ya pili kuangalia. Wakiona watoto wanautumia Mteremko, utabaki, na fundi wake atabaki nao. Wakiona umesimama tu, basi.

"Nimewaambia watoto wanaupenda," akasema. "Sasa na nyinyi nisaidieni, wasinione mwongo."

Jioni ile mume wangu hakukaa hata kula. Alikula akitembea, sahani mkononi, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Nilitaka kumfokea, nikashindwa, kwa sababu nilimwona ameogopa, na mimi nilikuwa nimeogopa zaidi yake. Namjua akiwa likizo. Mtu ambaye mikono yake haina kazi huishika roho yake mwenyewe akaanza kuifungua skrubu. Baba yake alistaafu akiwa mzima, akakaa barazani, hakuumaliza mwaka.

"Nikirudi nyumbani moja kwa moja," akasema, amenipa mgongo, "utanifukuza."

"Nitakufukuza saa ngapi? Utakuwa umeshang'oa mlango wa kukufukuzia."

Akacheka kidogo. Kisha akasikia kitu, akaenda.

Tangu siku ile alikuwa kama mtu aliyemwagiwa siafu. Alikaza kila kilichokuwa na skrubu ya kukazwa. Alitia mafuta mnyororo, akabadilisha vikopo, akapiga rangi maandishi yake. Na siku ya mwisho kabla ya wageni, jumba likiwa limefungwa kwa usafi, alizungusha mpini akaingiza tufe moja tu, akalisikiliza. Likaingia nyuma ya ubao. Likakwama.

Nilikuwa nafuta rafu zangu. Nikamsikia anasema, "Ahaa," kwa sauti ya daktari aliyeuona uvimbe.

Nikaacha kitambaa nikaenda. Ubao alikuwa ameshaufungua, mkono umezama ndani mpaka begani. "Miaka yote hii!" akasema. "Kona ina ukingo! Miaka yote ninawapa watoto kitu kibovu!"

"Uache hivyo."

"Niuache?"

"Fundi, nisikilize leo tu. Ukingo huo ndio wanaouchezea. Wanapenda likikwama."

Alinitazama kama nimemwambia watu wanapenda viatu vyenye misumari. "Mama, wageni wanakuja kesho. Likikwama mbele yao tumekwisha. Mashine ikikwama imekufa, hata mtoto mdogo anajua."

"Mtoto mdogo ndiye asiyejua. Ndicho ninachokwambia."

Lakini asiyetaka kusikia humzibui masikio. Akatwaa msasa. Nilisimama pale nikimsikia anakwangua, kwangu, kwangu, kwangu, mpaka unga wa mbao ukaanza kutoka kwenye tundu la chini. Alipomaliza akaingiza tufe. Likapanda, likashuka, likapita kona bila kupumua, pu, limetoka. Akaingiza jingine, pu. Akageuka kunitazama, jasho linamtiririka, ana furaha ya mtu aliyeokoa nyumba isiungue. Nami nilikuwa na hasira, nikaenda kumalizia rafu zangu.

Wageni walikuja saa za watoto kutoka shule, kama ilivyopangwa. Walikuwa mzee mmoja wa bodi mwenye miwani inayoning'inia kifuani, na mwanamke kijana aliyeshika simu. Wakanipa mabegi yao, nikawapa vibao. Mkurugenzi akawaongoza mpaka kwenye benchi la Chumba cha Watoto, wakakaa. Fundi alisimama pembeni, koti limefuliwa na kupigwa pasi, beji ya kazi yenye picha ya uso wake imening'inia kifuani, vidole vinachezacheza.

Mapengo akaingia na jeshi lake. Hakuwajali wageni, alikuwa na mgonjwa. Akavua sweta, akachuchumaa kwenye tundu. "Haya, mleteni."

Mpini ukazungushwa. Tufe likapanda. Likashuka. Masikio yakabandikwa ukutani. Mtoto mmoja akafungua kinywa kusema, "Yuko..." na tufe likawa limeshatoka, pu, likaupita mkono wa Mapengo ambao haukuwa tayari, likabingirika mpaka kwenye kiatu cha mzee wa bodi.

Mapengo akalitazama. Akaagiza jingine. Pu. Jingine. Pu. Akainuka, akakung'uta sweta.

"Huyu mama hana uchungu," akasema. "Huku si kuzaa, huku ni kumwaga."

Wakaondoka. Nakwambia waliondoka wote, hata aliyekuwa akizungusha mpini, wakaenda koridoni kuteleza kwa soksi kwenye sakafu iliyosuguliwa. Chumba kikabaki na wageni, Mkurugenzi na mume wangu. Mwanamke kijana akaandika kitu kwenye simu yake. Mkurugenzi akatazama saa, kisha akatazama dari.

Fundi akaenda akaushika mpini mwenyewe. Akazungusha. Matufe yakapanda, yakashuka, pu, pu, pu, naye anazungusha, anawatazama wageni, anazungusha kwa haraka zaidi, kama mwuza duka anayejipigia makofi ili watu wadhani kuna wateja. Moyo wangu ulipasuka. Hatukuruhusiwa kuiacha kaunta watu wakiwa ndani. Niliiacha.

Nikamfikia nikamshika kiwiko. "Acha," nikamwambia chinichini.

Akaacha. Uso wake ulikuwa umekauka. "Walikuwa wanaupendea nini?" akaniuliza. Hakuwahi kuniuliza, ingawa nilimweleza tena na tena. Leo ndio aliuliza.

"Kungoja," nikasema. "Ulikuwa unawapa kitu cha kungoja. Umekiondoa kwa msasa."

Akasimama. Nikasema kimoyomoyo, huyu hajui neno hilo, nimemwambia kwa lugha ya kigeni. Akatazama tundu. Akatazama koridoni, ambako Mapengo alikuwa akivutwa kwa sweta lake mwenyewe. Kisha akaniambia, "Simama hapa mbele," nikasimama kuwakinga wageni wasimwone, akafungua ubao, akazamisha mkono. Kitu alichokiingiza sikukiona. Akarudisha ubao, akakaza skrubu, akachukua tufe moja tu, akazungusha polepole. Sijawahi kumwona akifanya kitu polepole namna ile.

Tufe likashuka, likaingia nyuma ya ubao. Kimya.

Mzee wa bodi akavaa miwani. "Limekwama?"

"Limekwama," akasema Fundi.

Kule koridoni mtoto mmoja akageuza shingo. Sijui walisikiaje kimya, lakini walikisikia. Mapengo akaja mbio, anateleza, akabandika sikio ukutani, akawainulia wenzake kidole. "Yumo!" akasema. "Kakaa vibaya!" Wakajaa ukutani kama nzige. Mpepeaji akapepea, mpiga simu akapiga simu. Mzee wa bodi akainuka kusogea, Mapengo akamzuia kwa mkono. "Nyinyi ni ndugu wa mgonjwa?"

Mzee akamtazama Mkurugenzi. "Nadhani ndiyo."

"Basi kaeni. Hali yake si nzuri."

Akakaa. Mwanamke kijana akaweka simu kwenye mapaja, kioo chini. Wakaanza kungoja, watu wazima wale, wamenyoosha shingo, na watoto wanaimba "Sukuma!" na Mkurugenzi, nilimwona, anasukuma kwa mabega bila kujijua.

Ndipo mzee akamgeukia Fundi, kwa upole tu, hakuwa na ubaya. "Utaitengeneza lini?"

Mume wangu hajawahi maishani mwake kukiri kwamba kitu kimemshinda. Redio iliyoungua anaiita redio inayopumzika.

"Siitengenezi," akasema. "Imeharibika, na naomba iachwe hivyo hivyo. Asiiguse mtu."

"Asiiguse hata fundi?"

"Hasa fundi."

Mzee akafikiri. "Sasa kama haitakiwi kutengenezwa, fundi tutamweka wa nini?"

Nilitaka kumvaa yule mzee, nimwambie yote, mpaka habari za babamkwe wangu barazani. Lakini Fundi alikuwa ameshatikisa kichwa, kidogo, kama mtu aliyekuwa amelipiga hesabu hilo kabla ya kuingiza mkono nyuma ya ubao. "Swali zuri," akasema. Halafu hakuweza kusimama tena. Mikono ilikuwa haina pa kwenda. Akatoka, akapita kaunta yangu, akashika njia ya karakana.

Nyuma yake tufe likaanguka kwenye sweta. "Wa kiume!" Chumba kikalipuka. Mapengo akaenda mlangoni na kichanga chake. "Baba mtoto yuko wapi?"

Hakuitika mtu. Akampa mzee wa bodi, ambaye alilipokea kwa mikono miwili, hajui alishikeje.

Mteremko ulibaki. Mkataba haukuongezwa. Mkurugenzi alilia alipomwambia, na mimi nikamchukia kwa kulia kabla yangu. Siku ya kukabidhi vitu Fundi alirudisha funguo, koti, spana za jumba. Mlinzi wa mlangoni akampiga begani, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mzee wangu." Fundi akamjibu, "Koleo halijavunjika. Kaondoka mhunzi."

"Na beji?" nikamwuliza mimi, maana mkabidhiwa alikuwa anaidai.

"Iko kwenye kona," akasema. "Nilikuwa sina kitu kingine chembamba. Wakiitoa, watoto wataondoka tena." Basi tukasema imepotea.

Siku za kwanza nyumbani zilikuwa kama nilivyoogopa. Alifungua pasi. Alifungua feni. Alisimama dirishani, akasimama mlangoni, akaniuliza mara ngapi sijui kama nimesikia kitu. Nikirudi kazini namkuta amekonda usoni, na nyumba nzima imekazwa mpaka makabati hayafunguki. Usiku nilimsikia akipumua nikahesabu pumzi zake kama mjinga. Asubuhi moja nikamwambia, "Leo saa za watoto njoo."

"Kufanya nini? Sina kazi pale."

"Njoo kama watu wengine."

Akaja. Akasimama mbele ya kaunta yangu kama mgeni, na begi lake la vyuma. Nikanyoosha mkono. Akalishika. Nikaendelea kunyoosha. Akaliachia, nikaliweka kwenye rafu, nikampa kibao cha namba. Akakigeuza mkononi, akakitia mfukoni, mfuko ulio mtupu.

Aliingia Chumba cha Watoto wakati tufe limeshaingia nyuma ya ubao. Mchezo ukataka kufa kwa mazoea. Mtoto mmoja akaanza kujifanya anasoma maandishi. Mapengo akamkagua Fundi, akaona hana koti wala chuma.

"Babu, umekuja kwa mgonjwa?"

"Eee."

"Wewe ni nani wake?"

Akafikiri. "Baba mtoto."

"Kaa kwenye benchi. Usiguse kitu."

Akakaa. Tufe lilikuwa limegoma vibaya siku ile, limekamatwa na uso wa Fundi mwenyewe kwenye beji kule ndani. Waliugonga ukuta, wakabembeleza, wakachoka, wakaanza upya. Niliona goti lake linaanza kucheza. Niliona macho yanakwenda kwenye skrubu za ubao, yanarudi, yanakwenda tena. Kiganja kikatoka kwenye paja, kikapapasa mfuko wa bisibisi, kikakuta kibao changu tu. Mara moja aliinuka kabisa, nikasema basi, amekwenda, na nikaona hasira yangu yote ya zamani inanipanda kooni. Akatazama mlango. Akatazama ukuta. Akakaa tena, akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.

Mtu alikuwa mbele yangu ananidai begi lake. Nikamwambia, "Subiri kidogo, tafadhali."

Tufe likaanguka. Mapengo akalifunga kwenye sweta, akalitazama pande zote kutafuta kifundo, hakukiona. "Wa kike," akasema, akaja nalo mpaka katikati ya chumba, akauliza kwa sauti ya kuchoka, "Baba mtoto yuko wapi?"

"Nipo," akasema mume wangu. "Nipo hapa."